Bi Mwanarehema Asimama Kortini

Hafswa alikwenda tu kumjulia hali jirani yao wa zamani wa Likoni, Bi Mwanarehema, katika nyumba ya kulelea wazee kule Kisauni. Alimkuta amefungwa mikono kitandani kwa leso yake mwenyewe. Chumba kilinuka mkojo. Alipomgeuza, aliona mgongo umechimbika vidonda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza."

Jafar, mwenye nyumba ile, alikuja mbio. "Bibi huyu huzurura. Akianguka nani atalaumiwa? Tumemfunga kwa usalama wake."

"Na kiu je? Nayo ni usalama?"

Hafswa alikuwa wakili. Siku ile ile alimpeleka bibi hospitali, kisha akaenda polisi. Jafar akashtakiwa.

Lakini aliyemchoma Hafswa moyo zaidi ni Anwar, mwana wa pekee wa Bi Mwanarehema, ambaye ndiye aliyempeleka mamake pale. Kesi ilipokaribia, alimjia Hafswa ofisini akitaka ifutwe.

"Watu watasema nimemtupa mama. Mambo ya nyumbani hayaanikwi. Isitoshe, mama mwenyewe akili zishaanza kumpotea."

"Mara ya mwisho ulikwenda kumtazama lini?"

Anwar alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha.

"Ninayemtetea ni mamako," Hafswa alisema kwa hasira. "Kama wataka kesi ifutwe, nenda kamuombe yeye."

Hakwenda.

Kortini, wakili wa Jafar naye alishika wimbo ule ule: bibi ni msahaulifu, ushahidi wake usipokewe. Hakimu akamgeukia Bi Mwanarehema, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Bibi, wajua uko wapi?"

"Niko kortini. Na yule mwenye kanzu nyeupe ndiye aliyeamuru nifungwe. Kusahau nasahau, mwanangu. Leo asubuhi nimesahau kama nimekunywa chai. Lakini kufungwa kama mbuzi wa kuchinjwa, naomba maji ya kutawadha nachekwa, hayo wallahi sikuyasahau. Nimezeeka, sijafa!"

Kisha akamtafuta mwanawe kwa macho. "Nawe Anwar, aibu yako ibebe mwenyewe. Usinivike mimi wazimu."

Hakimu aliupokea ushahidi wake. Jafar alipatikana na hatia, akapelekwa jela, na nyumba yake ikafungwa. Anwar alilia, akamsihi mamake waende kwake. Bi Mwanarehema alikataa, akahamia kwa nduguye Swabra, Likoni. "Njoo unitazame," alimwambia mwanawe. "Kukaa kwako, la."

Siku jamaa walipokuja Kisauni kuwachukua wazee wengine, mwanamume mmoja aliyemjia babake alimfuata Hafswa langoni, akampa mkono wa shukrani.

"Ulipokuwa ukija kumtazama babako," Hafswa alimuuliza, "hukuona wazee wamefungwa?"

"Tuliona, dada. Tukadhani ndivyo wanavyolelewa."

Hafswa aliurudisha mkono wake, akaondoka bila kuaga.