Siku Wavinya Alipoacha Nyama

Kaloki alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na Mutomo nzima ilimjua kwa kazi hiyo. Alizunguka vijijini akinunua mmoja hapa, wawili pale, akawaswaga hadi nyumbani na kuwafungia kwenye zizi lililokuwa nyuma ya jikoni, wangoje lori la kuwapeleka mjini. Mkewe, Wavinya, ndiye aliyewanywesha. Tangu alipoolewa, kazi hiyo ilikuwa yake. Jioni ya kuamkia siku ya lori alibeba karai la maji, akalitua katikati ya zizi na kusimama hapo mpaka wa mwisho ashibe. Wale dhaifu waliosukumwa na wenzao aliwanywesha kwa sufuria, mkono wake mmoja ukiwa chini ya kidevu cha mnyama.

Naye Kaloki hakuwa mtu wa maneno matamu. Alichojua ni kuleta nyama. Siku ya soko alipita buchari akachagua mwenyewe, mbavu zenye mafuta kidogo au maini yakiwa bado na joto, akafungiwa kwa gazeti, akaja akaweka kile kifurushi mezani bila kusema kitu. Wavinya aliuliza, "Na hii ni nini tena?" ilhali alijua vizuri ni nini. Kaloki alitabasamu akavua viatu. Hivyo ndivyo walivyopendana miaka yote hiyo, mpaka watoto wakakua, wakaondoka, nyumba ikabaki yao wawili.

Kwa hiyo jioni moja Wavinya alipokisukuma kifurushi taratibu kikarudi upande wa pili wa meza, Kaloki alidhani amemuudhi.

"Nimekosa wapi?"

"Hujakosa popote, Baba Nzau. Ni vile sitakula nyama tena."

"Leo?"

"Leo na siku zingine."

Kaloki aliuliza kama tumbo lilikuwa linamsumbua. Halikuwa. Aliuliza kama kuna mhubiri mgeni aliyepita kanisani na mafundisho yake. Hakuna aliyepita. Wavinya alikaa kitini, akakunja leso yake juu ya magoti.

"Leo nimewanywesha wale uliotoa Ikutha. Kuna mmoja mweupe alikuwa amelala, kusimama hawezi. Nikapiga magoti nikamshikia sufuria. Akanywa yote, halafu akaniegemea hapa begani, akafunga macho. Nikajiuliza, mtu akiingia kwetu tukampa maji, si huyo ni mgeni? Hawa mimi nawapa maji kwa mkono wangu, kesho nakula nyama ya wenzao. Nimefanya hivyo tangu nije hapa. Sasa nimechoka."

"Lakini kazi yangu ni mbuzi, Wavinya."

"Najua. Sijakuambia uache kazi. Nimeongea juu ya mdomo wangu tu."

Kaloki alikivuta kifurushi kwake. Kilichomuuma si nyama. Kilichomuuma ni kwamba hakujua sasa atamletea nini.

Alijipa moyo kwamba yatapita. Hayakupita. Habari zilimfikia dada yake, Kaluki, aliyekaa ng'ambo ya barabara kuu na kufikiwa na kila habari kabla haijapoa. Alikuja akiwa bado na aproni kiunoni.

"Watu watasema humlishi bibi yako," alimwambia Kaloki mbele ya Wavinya mwenyewe. "Mnunuzi wa mbuzi, bibi anakula majani! Na wewe Wavinya, Mungu si alituruhusu wanyama?"

"Aliruhusu, wifi yangu," Wavinya alijibu bila hasira. "Kuruhusiwa si kulazimishwa."

Kaluki aligeuka kumtazama kaka yake, kama mtu anayeomba kuungwa mkono. Kaloki akajifanya anatafuta simu yake.

Wavinya aliendelea kumpikia mumewe nyama kama zamani, tena kwa ustadi uleule, kitunguu kikikaangwa hadi kigeuke kahawia, dhania ikinyunyizwa mwishoni. Alimpakulia, akamnawisha mikono, kisha akaketi na sahani yake. Kaloki alikula akiangalia chakula chake. Kuitazama sahani ya Wavinya aliona ni kama kufungua tena mazungumzo yale, na hakuyataka. Kwa hiyo miezi ikapita bila yeye kuona ni nini hasa mkewe alikuwa anakula.

Kiangazi kilikuwa kimekolea Jumapili ambayo Wavinya alianguka. Ibada ilikuwa imekwisha, akina mama walikuwa wakichota maji kwenye tangi la kanisa waoshe vikombe, naye akasema anaona giza, akalegea kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Kaloki alisikia wakipiga kelele. Alikimbia na viatu vyake vya Jumapili, akambeba mwenyewe hadi kwenye gari la mzee wa kanisa, na alipombeba alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Hospitalini walimtoa damu wakaipima. Muuguzi aliyewahudumia aliitwa Shiru, msichana wa Nyeri aliyekuwa amehamishiwa huko, na Kiswahili chake kilikwenda mbio.

"Mama, damu yako iko chini sana. Si ajabu unaona kizunguzungu. Nitakupa vidonge, lakini na chakula pia. Unaweza kuanza na maini kidogo?"

"Nyama sili, sista."

Kaloki alijikaza akisubiri Shiru agombe. Shiru alivuta tu kiti karibu.

"Sawa. Maziwa je? Mayai?"

"Hivyo nakula. Mbuzi akitoa maziwa anabaki hai."

"Basi tuna pa kuanzia. Wako wengi wasiokula nyama na damu yao iko sawa. Niambie, jana ulikula nini? Na juzi?"

Wavinya alitazama sakafu. "Jana ugali na chai. Juzi muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa."

"Muthokoi na maharagwe?"

"Mtupu. Na chai."

"Ndengu? Mbaazi? Mboga ya kunde?"

"Mara moja moja."

Kaloki alimgeukia. Nyumbani kulikuwa na gunia la ndengu, limeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, halijaguswa. "Kwa nini hukupika ndengu, Mama Nzau? Ziko!"

Wavinya alijibu kwa sauti ndogo. "Ndengu zinakula kuni na maji. Na chungu chako kiko motoni. Sikutaka uone kama nimekuletea shida, nyumba ya watu wawili, vyungu viwili. Nikasema nitavumilia na chai."

Shiru aliandika kitu ambacho pengine hakikuhitaji kuandikwa, ili asimtazame yule mzee. Kaloki alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili, anaizungusha. Mwanamke huyu alikuwa amemkaangia kitunguu jioni baada ya jioni, akaketi mbele yake kula ugali mkavu, naye alikuwa akitafuna.

"Nifundishe, sista," alisema hatimaye. "Nipike nini?"

Shiru alimwambia polepole, na Kaloki akarudia kila neno kama mtoto wa shule. Ndengu, mbaazi, maharagwe, kitu kimojawapo kila siku. Majani ya kunde, mabichi au yaliyokaushwa. Uji wa wimbi. Limau likamuliwe juu ya chakula, au embe liliwe pamoja nacho, maana linausaidia mwili kuvuta kile kinachotengeneza damu. Chai isinywewe na chakula, ikae kando kwanza, kwa sababu inazuia. Yai na maziwa wasiache kabisa, kuna vitamini ya damu ambayo ndengu hazina. Na vidonge vimezwe mpaka vikwishe, hata akijisikia vizuri.

"Na wewe mzee," Shiru aliongeza, akimfunga mkanda wa kupimia presha kabla hajakataa, "hii yako iko juu. Nyama unakula mara ngapi?"

"Mimi ndiye ninayeinunua," Kaloki alijibu, na Wavinya, kitandani pale, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Basi Kaloki akaanza kupika. Ndengu zake za kwanza hazikuiva, zilikuwa zinagonga meno. Za pili ziliungua, kwa vile alikuwa ameenda kupigia mtu simu juu ya mbuzi wa soko la Kabati akasahau moto. Wavinya alikaa kwenye kigoda mlangoni, leso mabegani, amekatazwa kusimama.

"Ungeziloweka tangu asubuhi."

"Ungeniambia tangu asubuhi."

"Ulisema nisiongee, nipumzike."

Alizila hivyo hivyo, akasema ni tamu. Kaloki alionja akatema uani, wakacheka hadi kuku wakashtuka.

Siku ya soko alipita mbele ya buchari bila kusimama, akaenda upande wa akina mama wauza mboga, upande ambao hakuwa ameukanyaga tangu ujana. Aliinama juu ya majani ya kunde akiyachagua kama anavyochagua mbuzi, anayageuza, anayapima kwa macho. Wenzake walimwona akirudi na fungu kubwa kwapani.

"Kaloki! Hao ni mbuzi gani sasa?" mmoja aliita. "Tunanunua chakula chao siku hizi?"

"Ni kunde za bibi yangu," Kaloki alijibu, na hakupunguza mwendo. Alifika nyumbani akaliweka lile fungu mezani, bila kusema kitu. Wavinya alilitazama, akamtazama.

"Na hii ni nini tena?"

Kaloki alivua viatu.

Wiki hiyo hiyo alibomoa zizi. Alizungumza na jamaa mmoja aliyekuwa na uwanja wenye ua karibu na soko, mbuzi wakawa wanangojea lori huko, na Kaloki mwenyewe akawa ndiye anayewanywesha. Wavinya hakuwa ameomba hilo. Aliposikia miti ya ua ikianguka alitoka nje, akasimama akiwa ameshika nguzo ya mlango.

"Unajua utachoka? Maji ni mazito."

"Nimeshaona ni mazito," Kaloki alisema.

Kazi yake hakuiacha, na wala hakujifanya kwamba alikuwa akifikiria kuiacha. Ndiyo aliyoijua. Lakini tangu aanze kubeba lile karai aliacha kuwapiga mbuzi fimbo za mgongo wakati wa kuwapakia, na dereva wa lori alipomhimiza aharakishe alimwambia angoje, kuna mmoja hajanywa.

Kisha ikaja habari kwamba kaka yake Wavinya, Kitheka, yuko njiani kutoka Kathonzweni kuja kumwona dadake. Kaluki alifika mapema kuliko mgeni.

"Shemeji atachinjiwa," alisema. "Hilo halina mjadala. Ukimpa ndengu atarudi kwao aseme tumemwangusha dada yake kwa njaa, na sasa tunataka kumwangusha na yeye."

Kaloki aliingia chumbani alikokuwa Wavinya. "Nifanyeje?"

"Kitheka ni mgeni wako. Mpe anachokula. Mimi sioni vibaya, mradi nyama isipikwe kwa chungu changu."

Basi Kaluki akachoma mbavu kwake na kuzileta zikiwa zimefunikwa. Kaloki naye aliamka na jua akapika muthokoi na mbaazi, kunde za maziwa, na maembe aliyokata vipande vikubwa visivyolingana. Kitheka, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, alikaa akaangalia meza yote.

"Nani amepika hizi mbaazi?"

"Mimi," Kaloki alisema, na moyo ukimdunda kuliko siku alipokwenda kuchumbia.

Kitheka alimtazama dadake. Aliona mashavu yaliyoanza kujaa tena, akaona jinsi shemeji yake alivyomkamulia Wavinya limau kwenye sahani kabla hajaomba, na jinsi alivyouondoa mkono wa Kaluki uliokuwa unasogeza birika la chai. Alikula mbavu mbili, hakuficha kwamba alizifurahia. Kisha akachukua mbaazi, akaongeza, akaongeza tena.

"Nilikuja na maneno," alisema akijipangusa midomo. "Nimeyasahau."

Kaluki alibaki akigusa kunde kwa ncha ya kijiko. Alionja. "Chumvi kidogo," alisema, na akamaliza zote.

Waliporudi hospitalini kupima, Shiru alisoma majibu akapiga makofi. Damu ilikuwa imepanda vizuri. Aliwaonya wasilegeze kamba, warudi tena baada ya mvua. Presha ya Kaloki nayo ilikuwa imeshuka kidogo, jambo alilolipokea kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba.

Walitembea kurudi nyumbani, si mbali, yeye akipunguza hatua ili mkewe asiachwe. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa milima.

"Sasa nimepona," Wavinya alisema. "Nitarudi jikoni. Na kama unataka nyama nitakupikia, hata kwa sufuria ingine. Sitasikia vibaya."

Kaloki alifikiria. Kwa Kaluki aliweza kula wakati wowote, na sokoni pia, na alijua angekula.

"Hapana," alisema. "Nyumbani nitakula na wewe."

"Kwa sababu ya mbuzi?"

"Kwa sababu ya kula peke yangu. Sipendi."

Wavinya alimshika mkono pale barabarani, watu wakiwaona, jambo ambalo hawakuwa wamezoea wote wawili. Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, yakitoboa vumbi, na Kaloki akasema waharakishe, maana alikuwa ameanika ndengu uani.