Gari Lililomkataa Bi Jokha

Mara ya kwanza gari lilipozimika, Bi Jokha hakulitilia maanani. Alikuwa ametoka eda juzi tu. Miezi minne na siku kumi alikuwa hajavuka kizingiti, na macho yake bado yalikuwa yakiumizwa na mwanga wa barabara za Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura. Aliyekuwa akiendesha ni shemeji yake Azzan, mdogo wa marehemu mumewe Hamoud. Walipolikaribia daraja la Ntahangwa, penye yale mashimo, moteri ilikohoa mara moja ikanyamaza.

Azzan alishuka akaenda nyuma. Lilikuwa gari dogo la Kifaransa la milango minne, na moteri yake ilikaa nyuma, mahali ambapo magari mengine huweka mizigo. Akagusa hiki, akapuliza kile. Bi Jokha naye akashuka, akasimama kando ya barabara huku ameshika buibui lake lisipeperushwe. Azzan akajaribu tena, na moteri ikawaka kama vile haijawahi kuzimika.

Mara ya pili lilizimika pale pale, wakienda Ngagara kwa Miza, dada yake Hamoud. Mara ya tatu ilikuwa karibu na soko. Baada ya hapo Bi Jokha aliacha kuhesabu. Yeye akiwemo, gari lilizimika, akishuka, likawaka. Azzan alipokuwa peke yake aliweza kwenda bandarini na kurudi mara tano kwa siku moja, na halikumsumbua hata kidogo.

Miza ndiye aliyelisema wazi lile ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona. Alilisema huku akimmiminia kahawa, tena kwa sauti ya upole, na ule upole ndio uliouma zaidi.

"Gari ya kaka yangu inakujua, wifi. Hamoud alikufa hajakupa radhi."

Bi Jokha alikipokea kikombe. Angejibu nini, na sababu aliijua mwenyewe? Hamoud alikuwa mtu wa kujitengenezea. Fundi hakuruhusiwa kuligusa gari lake. Jioni akirudi kutoka bandarini, ambako alikuwa akipokea mizigo ya Kigoma, alivua kanzu, akavaa shati kuukuu, akalala chini ya gari mpaka adhana ya magharibi. Waya ukikatika, aliufunga. Kitu kikilegea, alikikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Asubuhi ile ya mwisho kulikuwa na wageni kutoka Rumonge, na Hamoud alikuwa akiwasimulia jinsi mwaka uliopita alivyolitia gari waya mpya kwa mkono wake mwenyewe. Bi Jokha alikuwa amechoka na kazi ya kupika. Akasema mbele yao wote, "Waya mpya kwenye gari la viraka!" Wageni wakacheka. Hamoud hakucheka. Aliondoka bila kuaga, na kabla ya adhuhuri akaanguka katikati ya magunia pale bandarini. Hakuamka tena.

Kwa hiyo gari lilipoanza kumkataa, Bi Jokha hakushangaa sana. Alilitukana gari, na gari lilikuwa la Hamoud.

Nyumba ilikuwa kimya. Siku za msiba wanawake walijaa mpaka uani, kisha wakapungua, na sasa kati ya alasiri na magharibi mlango haukugongwa. Adija, jirani wa ukuta mmoja, ndiye pekee aliyeendelea. Kila alipopika muhogo kwa nazi alipitisha sahani juu ya ukuta, na hakuwahi kuuliza sahani yake iko wapi. Bi Jokha alikuwa nazo sita kabatini, zote safi, na aliona haya kuzirudisha tupu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kila gari lilipozimika na yeye akasimama kando ya barabara, alisema moyoni, "Nisamehe, Hamoud. Neno lile lilinitoka tu." Ndipo moteri ilipowaka. Kila mara aliomba, na kila mara akajibiwa. Ikafika mahali akawa anakaa kwenye kiti cha nyuma akingoja lizimike, kwa sababu ndiyo saa pekee katika juma zima ambayo Hamoud alimjibu.

Azzan alikuwa amechoka. "Shemeji, nimepata mutu wa kuinunua," alisema siku moja. "Inakuaibisha barabarani, na mi inanichelewesha kazi. Baada ya Ijumaa anakuja kuichukua."

Likiondoka gari, Bi Jokha atajulia wapi kama Hamoud amemsamehe au bado?

"Nipe fundi mmoja zaidi," akasema. "Mmoja tu."

Mafundi wawili walikuwa wamekwishapita. Wa kwanza alibadilisha bujii, zile plagi za cheche, wa pili akabadilisha bobine, koili ya kuwashia, na wote wawili walilirudisha gari wakiapa kwamba limepona. Huyu wa tatu aliitwa Cirimwami, mtu wa Bukavu, Mkristo, aliyekuja Bujumbura wakati wa vita vya Kongo. Alikuwa na kibanda kule kwenye viwanda, nyuma ya ghala la pamba, na kazi yake ilikuwa waya za malori tu. Alikaa na gari siku mbili, kisha akawaita.

Walipofika asubuhi, Bi Jokha aliona kwamba fundi ameweka benchi kivulini na kulitandika gunia safi. Gunia lilikuwa limefuliwa. Mikunjo ya kamba ya kuanikia ilikuwa bado inaonekana. Hakusema kwamba amelitandika kwa ajili yake. Alilionyesha tu kwa mkono, akaenda kunawa.

"Mi nimeendesha hii gari siku mbili," Cirimwami alisema akijifuta mikono. "Nimepita daraja, nimepita bandari, hakuna shimo ya Bujumbura sijaingia. Haikukufa."

"Si nilikwambia?" Azzan alisema. "Inakufa ikitaka."

"Apana, bwana. Gari haina kutaka. Nielezeni tena, tangu mwanzo."

"Tumeshakueleza mara mbili!"

"Na wale mafundi wengine, mliwaeleza mara ngapi?"

Azzan akafikiri. "Hawakuuliza. Walifungua kapo tu, wakachungulia moteri."

"Haya. Basi mimi niulize."

Akauliza polepole, kama muuguzi anayemhoji mgonjwa. Ni asubuhi au jioni? Wakati wowote. Moteri ikiwa ya moto au baridi? Yote mawili. Kwenye lami? Mara chache. Kwenye mashimo? Karibu kila mara.

"Na ndani ya gari mnakuwa nani na nani?"

"Mimi na shemeji."

"We mwenyewe peke yako, inakufa?"

"Haijawahi."

Azzan alimtazama Bi Jokha kisha akaangalia chini. Bi Jokha aliona kwamba ameona haya kwa niaba yake, akamshukuru kimoyomoyo.

"Mama," fundi akamgeukia, "unakaa wapi?"

"Nyuma, upande wa kulia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Huyu ni shemeji yangu, si mume wangu. Nitakaaje mbele naye?"

Cirimwami alitikisa kichwa kama mtu anayekubali jambo zito. Akaingia kibandani, akatoka na balbu ndogo yenye waya mbili ndefu. Akafungua nyuma ya gari, akaifunga balbu mahali ambapo waya wa kuwashia unafika kwenye bobine, kisha akaitundika juu ya paa ili kila mtu aione.

"Azzan, zungusha funguo, tia kontakti. Usiwashe moteri."

Balbu ikawaka.

"Huo ndio moto, umeme unaotoka mbele kuja kwa moteri. Ukikatika huo, gari inakufa. Sasa, mama, ingia ukae vile unavyokaaga."

Aligeuza uso akatazama ghala mpaka Bi Jokha alipokwisha kuingia na kupanga nguo zake. Balbu ilikuwa bado inawaka.

"Hakuna kitu," Azzan alisema.

"Ngoja. Shuka uitikise gari, kama vile inapita kwenye shimo."

Azzan alishika pembe ya gari akalitikisa. Balbu ikazimika.

Wapakiaji wawili wa ghala walikuwa wamesimama kutazama.

"Shuka, mama."

Alishuka. Balbu ikawaka.

"Kaa tena. Tikisa."

Ikazimika. Akashuka, ikawaka.

"Ya Rabi!" Azzan akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Siku zote hizi, kumbe shemeji ndiye swichi!"

Wapakiaji wakacheka mpaka wakashikana mabega. Cirimwami hakucheka. Alimtazama Bi Jokha, ambaye alikuwa amesimama akiikodolea balbu macho.

"Tungoje kidogo, mama?"

"Hapana. Endelea."

Fundi aliinua kiti cha nyuma, akakitoa chote, akakisimamisha ukutani. Chini yake kulikuwa na waya mwekundu uliotoka mbele kwa upande wa kulia. Katikati ulikuwa umekatwa na kuunganishwa na mwingine wa kahawia. Kiungo kilikuwa kimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa mpira wa baiskeli uliofungwa mafundo matatu. Bi Jokha aliyatambua yale mafundo. Hamoud alifunga hivyo kila kitu, hata magunia ya mchele.

Cirimwami alikibonyeza kiungo kwa kidole kimoja. "Unaona? Nyuzi zinagusana tu, hazijashikana. Mutu akikaa, springi ya kiti inasukuma hapa. Gari ikiruka, zinaachana. Akiinuka, zinarudiana. Hii si bujii wala bobine. Ni hii tu."

Kwa hiyo ni waya. Bi Jokha alikaa kwenye gunia. Zile siku zote alizosimama kando ya barabara akiomba, aliyejibu ni springi ya kiti. Alidhani atafurahi kusikia kwamba hakuna chuki, na badala yake alijiona kama mtu aliyekuwa akizungumza na mwenzake gizani, taa ikaletwa, akakuta chumba ni kitupu. Hata Hamoud aliyekasirika alikuwa bado ni Hamoud.

"Lakini wakati wa kaka haikuzimika," Azzan alisema. "Na shemeji alipanda kila juma! Mwaka wa mwisho wote."

"Wakati ule mama alikuwa anakaa wapi?"

"Mbele," Bi Jokha alisema. "Pembeni yake."

Cirimwami aliingia ndani ya gari, akainua zulia la mbele upande wa kulia, akachungulia kwa muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, njoo uone. Huu waya aliutia mzee mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hakukubali fundi."

"Haukutosha. Tazama, ilimlazimu kuunga mahali. Mimi ningeunga hapa mbele, chini ya miguu yako, ndiko rahisi kufika. Hata mkono hauchoki. Yeye apana. Hapa mbele amepitisha waya mzima, na ameuvika mpira kutoka mwanzo mpaka mwisho, usikuguse. Kiungo akakisukuma nyuma kabisa, mahali ambapo kwenu hakuna mutu anakaa."

Bi Jokha alimtazama usoni. "Unasema hivyo ili nifurahi?"

"Mi nasema kile waya inaonyesha. Mutu anayefanya hivi anafikiri nani anakaa wapi." Akalirudisha zulia. "Ila hakufikiri kwamba iko siku utakaa nyuma."

Azzan aligeuka akajifanya anaangalia moteri. Bi Jokha alishusha mtandio mpaka kwenye nyusi. Mmoja wa wale wapakiaji, ambaye alikuwa amecheka zaidi, alileta kikombe cha maji, akakiweka kwenye benchi karibu naye, akaondoka kimya.

"Nikutolee wote, nitie mpya?" fundi aliuliza baadaye.

"Tengeneza hicho kiungo. Wa mbele usiuguse."

Cirimwami alikiyeyushia risasi ya kulehemu, akakifunga vizuri, akakihamisha mbali na springi. Ikawa adhuhuri. Walipoondoka, Bi Jokha alikaa nyuma upande wa kulia kama desturi. Walipokaribia daraja la Ntahangwa, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango. Gari liliingia shimo la kwanza, likaingia la pili, likapanda darajani, likavuka.

"Umeona, shemeji!" Azzan alipiga honi kwa furaha. "Basi na yule mnunuzi nimwambie lini aje?"

"Mwambie haliuzwi."

"Na Miza? Nimwambie nini?"

"Mwambie gari halinijui, nilikaa tu mahali ambapo kaka yake hakutazamia nikae. Au usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe, tukinywa kahawa."

Nyumbani Azzan aliliegesha uani, akampa funguo, akaenda kazini kwake. Bi Jokha alisali, akala kidogo, akaosha chombo kimoja. Alasiri ikapita, na mlango haukugongwa. Alitoka uani, akalizunguka gari, kisha akafungua mlango wa mbele wa kulia na kuingia. Tangu msiba hakuwa amekaa pale.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na usukani ulikuwa na vumbi upande ambao Azzan hakuushika. Bi Jokha alivua kiatu akakanyaga zulia. Chini ya unyayo aliusikia waya, mstari mwembamba ulionyooka, usio na fundo.

Hakuomba msamaha. Alimsimulia Hamoud habari za siku: fundi wa Bukavu na gunia lake safi, Azzan na utani wake, maji ya kikombe kile yalivyokuwa baridi. Aliposita, hakuna kilichojibu. Aliongeza habari za sahani za Adija, kwamba kesho atapika wali azirudishe zote sita zikiwa zimejaa. Kisha akakaa hapo, mguu wake juu ya waya, mpaka jua lilipoondoka ukutani.