Mbao Nyepesi za Mzee Mwinyimadi

Mashua ya kwanza ilizama mbele ya watu, na hilo ndilo lililomharibu Mfaume.

Alikuwa seremala wa shamba la mkonge karibu na stesheni ya Soga, fundi wa milango na vitanda, na sifa za mkono wake zilifika mpaka Magindu. Mhandisi wa shamba lile, Mzungu mmoja mrefu ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Betri kwa sababu mifuko yake haikukosa betri, alikuwa ameletewa kutoka kwao masanduku mawili ya bati. Moja lilikuwa na fimbo ndefu ya chuma na kitufe cha kushika mkononi. Hilo lilibaki nchi kavu. La pili, lenye vichupa vidogo vya kioo vya redio ndani yake, lilikuwa la kupakiwa katika mashua ndogo. Ukibonyeza kitufe, mashua iliyo katikati ya maji inakata kushoto. Ukibonyeza tena, inakata kulia. Hapana kamba, hapana uzi. Kilichokosekana ni mashua yenyewe, na Bwana Betri akamwambia Mfaume aiunde, yenye urefu wa mkono wa mtu mzima.

Mfaume akaiunda kwa mninga, mti aliouamini. Ikatoka nzuri ajabu, ina mkuku chini na mataruma yake ya mbavuni kama chombo cha kweli. Wakaitia mota iliyong'olewa kwenye wipa ya lori bovu, wakaipakia sanduku na betri, wakaishusha kwenye bwawa la shamba huku karakana nzima ikitazama. Haikuyumba hata kidogo. Ilishuka wima mpaka chini, na ikabidi mtu avue shati akaiopoe. Tangu siku hiyo Mfaume hakupita mahali bila kuulizwa, "Fundi, habari za chini ya maji?"

Mtu mwingine angemwendea Bwana Betri akamwambia, nitafutie mbao nyepesi. Mfaume hakwenda. Aliona kuomba mbao ni kukiri kwamba kazi imemshinda, na kiburi hicho alikuwa nacho tangu ujana.

Basi katika majuma hayohayo, Mzee Zahoro, mwadhini wa msikiti wa kijijini, akamletea jeneza. Mguu mmoja wa jeneza ulikuwa umelegea. Jeneza lile lililowabeba maiti wote wa kijiji liliundwa na baba yake Mfaume, marehemu Mzee Mwinyimadi, zamani alipokuwa akiishi Kisarawe. Alikata msufi huko vilimani, akazipasua mbao nyembamba, kisha akazilaza darini juu ya jiko la mkewe mpaka moshi ukazikolea miaka na miaka. Mdudu hakuthubutu kuzigusa. Alitaka ziwe nyepesi ili watu wenye safari ndefu ya makaburini wasielemewe na mtu wao. Mfaume alilinyanyua jeneza kwa mkono mmoja, akaligeuza, akazigonga zile mbao za chini kwa kidole. Zikalia kavu kabisa.

Tusimwonee huruma hapa. Alijua anachofanya. Akili yake ikaanza kumtetea kabla hajashtakiwa na yeyote: ni mbao za baba yangu, hapa kijijini hakuna mgonjwa, nitatia nyingine kwa muda, nikishapata zilizokauka nitabadilisha, na juu yake hutandikwa mkeka, nani ataona? Akazing'oa, akatia mbao za mwembe zilizopasuliwa juzi, bado zina utomvu. Akatengeneza na ule mguu, vizuri sana. Mzee Zahoro alipokuja kulichukua alimwombea dua yeye na baba yake, na Mfaume akaitikia amina.

Mkewe, Mwanaamina, alizikuta zile mbao nyeusi uani, zinachemshwa majini ili zipindike.

"Baba Zubeda, hizi za wapi?"

"Mabaki tu ya kazini," akajibu, na hakuinua uso.

Mashua ya pili ilikamilika kwa wakati. Siku ya sikukuu ya kutawazwa kwa malkia mpya wa Waingereza, shamba zima halikufanya kazi. Watu wakajaa kandokando ya bwawa, Wazaramo wa vijijini na Wanyamwezi wa kambini, na Bwana Betri akasimamisha fimbo yake ya chuma. Mashua ikashushwa. Ikakaa juu ya maji kama bata. Mota ikanguruma, rafadha ikakoroga maji nyuma, ikaondoka. Bwana Betri akabonyeza, ikakata kushoto. Akabonyeza tena, ikakata kulia, ikawazunguka bata wenyewe waliokuwa wakiogelea. Watu wakapiga mayowe. Mnyamwezi mmoja mkata mkonge, Mihayo, mtani mkubwa wa wenyeji, akajitupa chini akasema Wazaramo wameoa jini la majini. Bwana Betri akampa Mfaume kitufe akibonyeze mwenyewe. Sijui kama aliwahi kufurahi kuliko hapo. Alikuwa bado amekishika pale shemeji yake Mwishehe alipotokea na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, turudi. Mama ametutoka."

Mama huyo alikuwa Bi Mwanamvua, mkwewe Mfaume. Asubuhi alikwenda kisimani mwenyewe, adhuhuri akalala, hakuamka. Mfaume alikirudisha kitufe, na njia nzima hakumlilia mkwewe. Aliwaza jeneza. Aliwaza kwamba limeegemea ukuta wa msikiti tangu siku ile, jua la mchana kutwa likilipiga, na hakuna seremala asiyejua jua linavyoifanya mbao mbichi.

Angeweza kusema. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha, na Mwishehe alikuwa pembeni yake. Alipofika msibani angeweza pia kumvuta Mzee Zahoro kando. Lakini jeneza lilikuwa limekwishatandikwa mkeka, Bi Mwanamvua amekwishaoshwa na kuvishwa sanda, na baba mkwe wake, Mzee Kibwana, akamshika bega, akasema, "Mwanangu, wewe kaa mbele. Alikupenda." Mfaume akainama akatia bega.

Walitoka wakileta kalima, wakipokezana, naye hakukubali kupokewa. Walipokuwa wanateremka kwenye korongo akasikia mlio juu ya sikio lake. Wengine walidhani ni kijiti kimevunjika chini ya miguu. Yeye aliutambua. Misumari ilikuwa inang'oka kwenye mbao zilizojikunja. Akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka, mbao zikaachia. Mkeka ukazama katikati, na Bi Mwanamvua akateleza upande wa miguu. Wanaume wakamdaka, Mwishehe akapiga magoti akamkinga kwa kifua, na ncha ya sanda ikagusa vumbi. Wakambeba mikononi mpaka kaburini, na Mfaume akafuata nyuma amelibeba jeneza tupu. Mbao nyeupe zilining'inia mbele ya macho yake. Aliona aibu, akatamani ardhi impasukie pale pale.

Baada ya maziko walirudi msibani. Lile jeneza likawekwa uani, kando ya jamvi la wanaume. Watani walikuwa wamekwishafika kufanya kazi yao, kwani msiba wa Mzaramo bila mtani haujatimia, na asemalo mtani halikasirikiwi. Mihayo akalizunguka jeneza mara kadhaa akilinusa. Kisha akajilaza ndani yake, matako yakapita kwenye tundu yakagusa mchanga.

"Nizikeni!" akapiga kelele. "Au mnamngoja Mfaume? Jamani, huyu mtu leo nimemwona! Kwa Mzungu kaunda chombo, hata tone la maji haliingii. Kwa mkwewe kaunda tenga la nazi! Mfaume wee, mbao nzuri umepeleka wapi?"

Uwanja ukavunjika mbavu. Hata wanawake ndani walisikika wakicheka na kulia kwa pamoja. Mihayo hakujua lolote. Alirusha jiwe gizani. Lakini Mfaume aliona mlango umefunguliwa, na kama hatapita sasa hatapita tena. Akasimama.

"Ni kweli," akasema. "Mbao za jeneza nilizing'oa mimi. Ndizo nilizoundia mashua ya Bwana Betri. Hapa nikatia mwembe mbichi."

Kisha Mihayo, mle jenezani, akapiga makofi.

"Amejibu! Mzaramo amejibu utani!"

Kicheko kikalipuka mara mbili ya kile cha kwanza. Mtu akampiga Mfaume mgongoni. Mzee Zahoro alicheka mpaka akakohoa. Na Mzee Kibwana, ambaye tangu adhuhuri hakuwa amesema zaidi ya maneno machache, alicheka pia, akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Umeniondolea donge. Hili jeneza limechoka tu, miaka mingi. Utatuundia jingine, kama lile la marehemu baba yako."

"Baba, si utani," Mfaume akasema.

"Ndiyo, si utani," Mzee Kibwana akaitikia, na bado anacheka.

Angemnyang'anyaje mzee yule kicheko chake siku anayomzika mkewe? Mfaume alijiuliza hivyo, na papo hapo akajua kwamba swali lenyewe lilikuwa mwanya mwingine wa kutorokea, kama ilivyokuwa mikeka ya kutandika na wagonjwa wasiokuwapo. Hata hivyo aliutumia. Akakaa chini. Wakamletea wali, akashindwa kuumeza.

Mwanaamina alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha msiba kichwani, macho yamevimba. Yeye peke yake hakucheka. Alipoondoka, Mfaume akamfuata nyuma ya jiko na kusimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa kuchapwa. Alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Mama alikuwa amekonda sana," Mwanaamina akasema taratibu. "Hakuwa na uzito wowote. Mbao za baba yako zingembeba."

"Nimesema, Mama Zubeda. Umesikia nimesema. Wamecheka."

"Nimesikia." Akaokota ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. "Hitima tukishamaliza, Mihayo na wenzake watakwenda zao. Ndipo utasema tena. Mimi nitakaa karibu yako, waangalie uso wangu wajue si utani."

Huko uani watu walikuwa wamembeba Mihayo kwenye jeneza bovu, wanamzungusha, naye anaimba. Mfaume alibaki amesimama pale nyuma ya jiko, akamjibu mkewe kwamba atasema.