Mnada wa Mguu Wangu

Selimundu, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao, ilinila nyonga ya kulia kabla sijafika miaka thelathini. Nikawekewa nyonga ya bandia, maumivu yakaisha. Ila unyayo nao ukaacha kazi: hauinuki. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba mara chache mshipa wa fahamu huvutika wakati wa upasuaji, mguu ukalegea. Nilimjibu, "Mimi natumia mdomo, daktari." Nesi alicheka, nami nikaona nimeshinda.

Miezi michache baadaye nilikuwa Bahi, mbele ya kamati ya harusi ya Sidonia, nikiomba kazi ya kusherehesha. Nisipoipata mimi, anaipata mshereheshaji mwenzangu Hanifu, ambaye humwita mtu "bwana harusi mtarajiwa" hata baada ya ndoa kufungwa. Mimi nina diploma ya utangazaji. Afadhali nife.

Tatizo ni kwamba mshereheshaji huongoza maharusi kuingia ukumbini, akicheza. Kwa hiyo niliwahi kabla ya wote, nikakaa, nikashusha dera hadi chini. Kishikizo cha mguu, kile cha plastiki kinachoshikilia unyayo usining'inie, nilikiacha nyumbani. Kinataka raba, nami nilitaka ndara za shanga. Kisha nikaongea. Niliongea hadi chai ikapoa na mama yake Sidonia akafuta machozi.

Mwenyekiti, Mzee Mazengo, baba mkubwa wa bibi harusi, amenunua ng'ombe minadani tangu ujana wake.

"Maneno tumeyasikia, mwanangu. Hebu tembea."

"Shikamoo, baba."

"Ulishaniamkia. Tembea."

Nikainuka. Goti nalinyanyua juu kama jogoo anayevuka tope, kisha unyayo unatua: pa! Nilifika langoni, nikageuka kwa madaha. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wanaitazama ndara yangu ya kulia, imebaki katikati ya uwanja. Sikuwa nimehisi ikichomoka.

"Ng'ombe huyu nisingemnunua," Mzee Mazengo akasema.

"Shemeji!" mama yake Sidonia akamkemea.

"Angeninunua, mama," nikadakia. "Kwa bei ya nyama."

Wakacheka wote isipokuwa Mzee Mazengo.

"Unauma?"

"Hauumi, baba. Hausikii tu."

"Mbona ulituficha?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, mengine yana vina. "Niliogopa mtampa Hanifu."

"Na ukianguka bibi harusi akiwa nyuma yako?"

Nikaliona shela la Sidonia limenifunika sakafuni, nami chini yake na kipaza sauti, bado natangaza.

"Hanifu aongoze kucheza," nikasema. Iliniuma kuliko nyonga ilivyopata kuniuma. "Mimi niseme nikiwa nimekaa."

Wajumbe wakatazamana. Mzee Mazengo akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Mpigie mwenyewe, tusikie."

Nikapiga simu pale pale, mguu mmoja mtupu.

"Kaka Hanifu," nikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamwacha amalize salamu zake zote.