Nusu Jiwe, Nusu Kifusi

Hapa Mwanza ukitaka kumuuzia mtu nyumba mbovu, muoneshe jiwe. Atalipapasa kama anakagua ng'ombe wa mahari, ataitikia kwa kichwa, na hatauliza la pili. Ndivyo Machibya alivyowafanya mjukuu wangu Rebeka na mumewe Longino. Aliwapitisha nyuma ya nyumba yake ya Buswelu, akawaonesha jiwe kubwa lililochomoza chini ya ukuta kama goti la mtu aliyejifunika blanketi fupi. Akasema, "Nyumba imekaa juu ya hili." Basi. Wakakubaliana Jumatatu waende ofisi ya mtaa kuandikiana.

Jumamosi wakanileta mimi, eti niione na kuibariki. Rebeka ni mwalimu, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akihamisha vyombo kutoka chumba cha kupanga hadi kingine. Hii ingekuwa nyumba yake ya kwanza. Alikuwa ameshachagua hata mahali pa kupanda mpapai.

"Shikamoo bibi," Longino alinishika mkono nishuke kwenye bajaji. Huyu kijana ni wa Bukoba, kasoma mpaka akipiga chafya anakueleza sababu.

"Marahaba, mume wangu. Umemleta mke mkubwa aone nyumba, au umekuja kumpimia chumba?"

"Mke mwenzangu, usianze," Rebeka alisema, lakini alicheka.

Machibya alitupokea mlangoni. Ni mzee wa rika langu, mpole, kofia mkononi. Nyuma yake alisimama mkwewe Winnie, mke wa mwanawe aliye kazini Geita, na mtoto mchanga mgongoni. Walikuwa bado wanaishi humo. Sebule ilikuwa safi, lakini ilinukia rangi, na nilipoangalia vizuri, rangi mbichi ilikuwa ukuta mmoja tu. Ukuta hauchafuki peke yake huku wenzake wakiwa safi.

Nilikuwa nimefunga choroko kwenye ncha ya kanga, za kumpa mwenye nyumba, maana haifai kuingia kwa watu mikono mitupu. Fundo likafunguka. Mungu anajua kwamba vidole vyangu ni vizima na lile fundo lilifunguliwa.

Choroko zikamwagika katikati ya sebule. Mwanzo zilitulia. Kisha moja ikaondoka, ikafuata nyingine, mwisho zote zikakimbia kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko, zikajipanga chini ya ukuta wa mbele.

"Sakafu," Machibya akasema. "Fundi aliilaza makusudi, maji ya kudekia yatoke."

"Yatokee ukutani, shemeji? Mlango si uko huku?"

Longino alitoka nje, akaomba jembe. Nilidhani Machibya atakataa, lakini majirani walishaanza kuchungulia, na kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Longino akachimba kwenye kona ya mbele. Mawe ya msingi yalikuwa mistari miwili tu. Chini yake akatoa vigae vilivyovunjika, kandambili, kisha kipande cha gunia la mbolea ambacho maandishi yake bado yalisomeka.

"Nyuma nyumba imekaa juu ya jiwe," alisema taratibu, akifuta mikono. "Huku mbele palikuwa bonde, wakajaza kifusi, wakajenga. Jiwe haliendi popote. Kifusi kinazama kila mvua. Lazima ikatike katikati."

Rebeka alirudi ndani peke yake. Tulimkuta anakwangua rangi mbichi kwa ufunguo. Lipu ikadondoka, na ufa ukatokea, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kidole changu kiliingia.

"Tutaziba," alisema, bila kutuangalia. "Fundi ataweka nondo, tutapiga lipu upya. Kwani nyumba gani haina ufa, bibi?"

Nilitafuta pa kukaa. Winnie alinivutia kigoda.

"Rebeka," nikasema. Siku hiyo nilimwita kwa jina lake. "Baba yako hakuuawa na mvua."

Akageuka.

"Nyumba yetu ya Igogo ilikuwa na ufa, pale kichwani mwa kitanda chake. Kila Desemba nilikoroga udongo na majivu nikauziba, nikapaka chokaa, Krismasi ikapita tunapendeza. Mwanangu Mihayo aliniambia, mama, huu ufa unakua. Nikamjibu hayo hayo uliyosema sasa hivi. Nyumba gani haina ufa. Nikacheka, naye akacheka. Ile Aprili alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, akalala, ukuta ukamwangukia. Mimi nilikuwa bombani nawachekesha wanawake. Msibani watu wote wakasema mvua, mvua. Nikawaachia. Wewe ulikuwa na miaka sita."

Mtoto wa Winnie alikohoa.

"Ulijua," Rebeka akasema.

"Nilijua."

Hakulia, wala hakunisogelea. Alisimama akiutazama ule ufa muda mrefu, mpaka Longino akataka kumgusa bega, akasita. Mimi nimezoea kutafuta neno la kuchekesha watu wakinyamaza. Sikulitafuta.

Kisha alimgeukia Machibya. "Mzee, Winnie analala wapi na mtoto?"

Machibya alionesha kwa kidevu. Chumba cha mbele.

"Hatununui," Rebeka akasema. "Lakini kitanda kinatoka humo leo hii."

Mlango wa kile chumba ulifunguka nusu ukakwama. Fremu ilikuwa imebanwa na ukuta, na ubao wake umechongwa juu mpaka ukawa mwembamba kama rula.

"Huo nimeuranda mara tatu," Machibya alisema. Aliivaa kofia, akaivua tena. "Nilifikiri itasimama mpaka niuze."

Ningeweza kumlaumu, lakini ningemwambia nini ambacho sijawahi kujiambia?

Longino akaazima spana kwa jirani, akafungua kitanda kipande kipande, wakavipitisha dirishani. Winnie alikusanya nepi na chandarua. Machibya alisimama tu, mpaka godoro lilipokwama dirishani na Rebeka akalivuta kwa hasira hadi likatoka.

"Shika huku, bibi," akaniambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nilipokiri.

Nikashika. Upande wa pili ulikuwa unaburuta chini, Machibya akaja akauinua. Tukalizungusha lile godoro nje ya nyumba, wazee wawili tunaohema, mpaka kwenye chumba cha nyuma, kile kilichokaa juu ya jiwe.