Mvua ya Kairo

Tangu Mwalimu Kefa arudi kutoka Boma na kibali mkononi, Yoeli hakukaa kwenye kigoda hata kikapata joto. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda mlangoni. Akifika mlangoni anakumbuka kitu ndani, na akiingia ndani hajui alichokumbuka. Mkewe Ida alisema sakafu imeanza kubonyea njia kama ya ng'ombe, na maji yakiingia humo watapata Mto Nili wao wenyewe, bila kuufuata Misri.

Maana safari yenyewe ilikuwa ya Misri, kwenda kuuona mji wa Kairo na kula vya huko. Ulikuwa mwaka wa 1951, na watu wa Njombe waliowahi kupita Iringa walikuwa ni wale waliokwenda manamba kwenye mkonge, au waliochukuliwa vitani. Kupanda basi, treni na meli ili ukatazame majengo, ule, kisha urudi, lilikuwa jambo ambalo hata Mzungu wa Boma aliliuliza mara mbili. Lakini Mwalimu Kefa alikuwa amefundisha shule ya misheni miaka ishirini na nane. Mkewe amefariki, watoto wamejenga, kiinua mgongo kimetoka, na magoti ndiyo hayo yanaaga.

"Nimewachorea watoto ramani ya Misri mpaka chaki imeniingia damuni," alisema. "Sasa nataka nikaikanyage."

Alitaka hasa kushuka ngazi za kanisa moja la kale, ambalo wanasimulia kwamba chini yake Yusufu na Mariamu walimficha mtoto. Kila Krismasi aliwasimulia wanafunzi habari zake, na kila Krismasi mwanafunzi mmoja alimwuliza, "Mwalimu, wewe umepaona?" Boma walikubali kwa sharti moja: mzee wa magoti mabovu asiende peke yake. Jina la mwenzake likaandikwa kwenye kibali, na jina hilo lilikuwa la Yoeli. Nani mwingine? Yoeli aliijua Kairo kama anavyolijua shamba lake la viazi.

Hivyo ndivyo watu walivyoamini.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Yoeli alikwenda vitani na Panyako, kikosi cha kuchimba na kubeba. Wakitoka Suwezi kwenda kambi ya pwani ya Libya, walibadili treni Kairo. Aliingia stesheni asubuhi, akatoka jioni kwa treni nyingine, na mji hakuuona hata nusu ya mtaa. Vita vilipokwisha alirudi kwa meli, kwa njia nyingine kabisa. Jumapili ya kwanza nyumbani watu walimwuliza, "Kairo ulifika?" Akajibu, "Nilifika," na hapo hakusema uongo. Taabu ilikuja na swali la pili: "Ukaona nini?"

Alifungua mdomo, na kwa miaka mitano haukufungwa.

Kila Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika barazani kwa Mwalimu kuipanga safari, hata wale ambao hawaendi, na ndio waliokuwa na maoni mengi zaidi. Mwalimu alishika daftari.

"Siku ya kwanza?" aliuliza.

"Siku ya kwanza ni njiwa," Yoeli alisema. "Anashindiliwa ngano tumboni, anachomwa mpaka mifupa inalainika. Mpishi mwenyewe ana masharubu marefu, anayafunga kisogoni yasishike moto."

"Toka hapa!" Avelina wa kwaya alipiga makofi. "Na mkewe anasemaje?"

"Mkewe ndiye anayeyafunga, asubuhi, kabla ya chai."

"Siku ya pili?"

"Piramidi. Kulipanda ni siku mbili, unalala katikati. Pale katikati pana mama anauza uji."

"Na mvua yao ikoje?" Ida aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga mizigo.

"Mvua ya Kairo ina adabu, Mama Ema. Saa tisa alasiri inaanza, saa kumi imekoma. Watu wanajibanza vibarazani, wanaendelea kula."

Watu waliitikia kwa vichwa. Masharubu waliyatilia shaka, na uji wa piramidi pia. Mvua, hakuna aliyeigusa. Mtu wa Njombe atakuuliza kama mji una watu wema, kama una ng'ombe, kama una baridi. Kama una mvua hakuulizi, sawa na asivyouliza kama una mbingu. Kalamu ya Mwalimu peke yake ilisita kidogo, kisha ikaendelea kuandika.

Hadithi hizo zilikuwa tamu wakati Kairo iko mbali. Sasa ilikuwa inakuja, kila siku hatua moja, na Yoeli akijua wazi kwamba siku watakapotoka nje ya stesheni ile Mwalimu atamwambia, "Haya, mwenzangu, kulia au kushoto?" Akajaribu visingizio, akaanza na mianzi yake ya kugema pombe.

"Mwalimu, milanzi yangu je? Mlanzi usipokatwa ncha asubuhi na jioni unaziba. Nikiondoka, ulanzi wa mwaka mzima umekwenda."

"Tunaondoka Juni. Juni kuna ulanzi?"

"Hakuna," Yoeli alikiri.

"Tena nani kakwambia mzee wa kanisa kama mimi akuonee huruma kwa ajili ya ulanzi?"

Basi mwishoni mwa Mei wakapanda lori kwenda Makambako, Mwalimu, Yoeli na Ida. Mwalimu alitaka kuulizia basi la Reli la kwenda Dodoma, ambako wangeshika treni ya Mwanza, kisha ziwa, kisha mto wenyewe mpaka Misri. Ida alikuwa na neno lake: makoti ya mvua, mawili, maana Mwalimu ana kifua kibovu. Njia nzima Yoeli alibadili makalio. Alikaa juu ya gunia, akakaa kwenye ubao, akasimama akishika kamba, mpaka utingo akamwuliza kama ana majipu.

"Makoti ya nini, Mama Ema?" alisema walipofika. "Mizigo itakuwa mizito."

"Si wewe uliyesema saa tisa kila siku?"

Pale njia panda, malori ya Iringa na Mbeya yakinguruma, palikuwa na duka la Mwarabu mzee mwenye miwani. Ida aliagiza makoti. Mzee aliyashusha kutoka juu, akapangusa vumbi.

"Mnakwenda wapi na baridi hii?"

"Kairo," Ida alisema, kama mtu anayetaja Uwemba, pale jirani.

Mzee aliacha kupangusa. "Kairo ya Misri? Nimesoma kule ujanani, miaka miwili. Sasa makoti ya mvua ya nini, mama?"

"Ya mvua."

"Mvua gani? Miaka miwili ile, mvua yote niliyoiona isingejaza kikombe cha kahawa." Alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akarudia kupangusa.

Ida aligeuka polepole. Mwalimu Kefa alikuwa ameinua chimni ya taa, anaitazama dhidi ya mwanga kama mtu aliyetoka Njombe kwa ajili yake.

"Ilikuwa wakati wa vita," Yoeli alisema haraka. "Mizinga ilikuwa inatoboa mawingu. Siku nyingine mvua inatoka na risasi."

"Inawezekana, bwana," mzee alisema kwa heshima, akaanza kukunja koti.

"Baba Ema," Ida alisema. "Nitazame mimi, acha kutazama ndoo. Mji huo uliuona, au hukuuona?"

Yoeli alitazama ndoo. Alitazama mlango. Miguu ilikuwa imekwishatoka, mwili ukaifuata.

Nje alilizunguka lori lao mara tatu. Mara ya nne alimkuta Mwalimu Kefa ameegemea gurudumu, anasugua goti.

"Mwalimu, sikilizeni. Kairo sijaiona. Nilikaa stesheni tu, toka asubuhi mpaka jioni."

"Najua."

"Mnajua nini?"

"Yoeli, miaka ishirini na nane nimewafundisha watoto kwamba Misri haina mvua, inaishi kwa mto. Wewe umeinyeshea miaka mitano, na mimi nimekaa hapo hapo nakusikiliza."

Yoeli aliona masikio yakiwaka moto. Miaka mitano alidhani anawazungusha, kumbe mmoja alikuwa akihesabu mizunguko. "Sasa mbona hamkuniumbua?"

"Nikuumbue nibaki na nani? Waliobaki wote wananiambia, Mwalimu, pumzika, kaa nyumbani. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na haraka ya kufika, hata kama kwa mdomo. Njia nitaiuliza mwenyewe. Ninachotaka ni mtu wa kunishika mkono kwenye zile ngazi."

"Lakini mvua ilinyesha!" Yoeli alipiga bodi ya lori kwa kiganja. "Hiyo ndiyo kweli yangu pekee, Mwalimu! Siku ile ilinyesha, kuanzia saa tisa. Naapa!"

"Basi umenaswa na ile moja ya kweli," Mwalimu alisema, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

Ida hakucheka. Alitoka dukani bila makoti, akawapita, akapanda lori, akasema akiwa juu, bila kumtazama mtu:

"Jumapili utasimama barazani mbele ya watu wote, useme uongo wako wote, ulioanza kuniambia mimi. Ukisema, nenda. Usiposema huendi, na jina lililo kwenye kibali ni lako, si la mwingine. Utamweleza Mwalimu mwenyewe kwa nini anakufa hajaliona kanisa lake."

Siku nne zile Yoeli alitengeneza ua ambao haukuwa umeharibika. Alilima palipolimwa. Alikwenda kuitazama milanzi ambayo ilishaacha kutoa, akaikata ncha bure. Kila akipanga maneno yalikuja na masharubu yake, na akiyanyoa yanabaki mafupi mno, hayatoshi hata kufungulia kinywa.

Jumapili baraza lilijaa. "Kamwene, kamwene," watu waliamkiana, wakasogezeana viti. Avelina alikuwa mbele kabisa. Ida alikaa pembeni, mikono imefungwa kwenye kanga.

"Haya, Baba Ema!" Avelina alisema. "Leo ni siku ya ngapi? Tuliachia kwenye ngamia."

Yoeli alisimama. "Leo hakuna siku. Kairo sijaiona."

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, "Mmh!" kama mtu anayeonja mchuzi.

"Tulifika stesheni watu kumi na watatu, na mizigo yetu. Sajini akasema, treni ni jioni, mnaweza kwenda mjini, mmoja abaki alinde. Tukavuta vijiti, kifupi kikaniangukia. Wenzangu kumi na wawili wakaenda. Nikakaa juu ya mizigo."

"Ukakaa!" Avelina alianza kutikisika mabega.

"Nikakaa. Mbele yangu palikuwa na ukuta. Watu walipita, mimi niko chini, kwa hiyo nimeona miguu. Ya Kairo naijua miguu."

Baraza lilipasuka. Wanaume walipigana mabegani. Avelina alifuta machozi kwa pindo la kitambaa. "Miaka mitano! Halafu anasema ameona miguu! Endelea, Baba Ema, hii imezidi ya piramidi!"

"Si hadithi," Yoeli alisema. "Nawaambieni kweli. Njiwa aliwala Sila, mwenzetu yule wa Manda, ndiye aliyenisimulia."

"Na masharubu?"

"Masharubu niliyatunga."

"Anasema ameyatunga!" wakaangua tena. "Halafu? Ukuta ukafanya nini?"

"Haukufanya kitu. Jioni ikafika, tukaondoka."

Wakashika mbavu. Alirudia mara ya pili, akaapa, akamwomba Mwalimu aseme. Mwalimu aliposema, "Ni kweli kabisa," wakacheka zaidi, kwamba siku hizi hata mzee wa kanisa amefundishwa kutunga. Yoeli aliangalia huku na huku jasho likimtoka. Uongo walikuwa wameubeba miaka mitano bila kuchoka, na kweli hii moja hapakuwa na hata mmoja wa kumpokea.

Mmoja tu hakucheka. Ida alikuwa akimtazama usoni, kama anavyotazama chungu kujua kama kimepasuka.

"Siku nzima ulikaa hapo juu ya mizigo?" aliuliza, si kwa sauti, lakini walio karibu walimgeukia.

"Siku nzima."

"Ulikula nini?"

Hilo hajawahi kuulizwa. Alifikiri kidogo. "Sila aliniletea maharage. Yalikuwa ndani ya mkate, amefunga kwa gazeti. Alichelewa njiani, yakapoa, na mvua ilikuwa imelowesha gazeti, maandishi yakashika kwenye mkate. Niliyala hivyo hivyo."

"Yalikuwa mazuri?"

"Sijui, Mama Ema. Yalikuwa baridi."

Ida aliinuka, akakung'uta kanga.

"Basi nenda ukayale ya moto," alisema, akaondoka kwenda kufunga mizigo.

Nyuma yake Avelina bado alikuwa akiuliza ukuta ulikuwa na rangi gani. Mwalimu Kefa, kwa magoti yake hayo hayo, alikuwa ameshasimama.

"Basi lipo Alhamisi," alisema.