Baba Aliyeishi Katikati ya Noti Mbili

Usiku wa jana niliota nimekalia santuri ya baba, nayo inazunguka. Sikuona ajabu yoyote. Nilihofia tu sketi yangu kuingia vumbi.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Alipiga fidla katika kundi la watu wanne, wakarekodi santuri moja, na hakuna kingine chake kilichobaki. Nami napiga muziki uleule na wenzangu watatu, ila kisasa: noti safi, wote tunafika pamoja. Wazee wale walichelewana. Kidole cha baba kiliteleza kutoka noti hadi noti kama mtu anayeshuka mlima wa matope. Nikimsikiliza mbele ya wenzangu naona haya.

Santuri inasimama. Niko studio. Nyuma ya kioo ameketi kipima mapigo, kile cha mbao cha kuwashikia wanamuziki mwendo, chenye mkono unaoyumba, amevaa tai.

"Wewe ndiye Wakio, binti Mwadime?"

"Ndimi."

"Tunasafisha rekodi za zamani. Kuteleza ni marufuku sasa."

Baba anaingia na fidla yake. Sakafu imepakwa sabuni, maana zama zao ndivyo ilivyokuwa. Noti mbili zimewekwa kama viti, moja huku, moja kule. Anateleza kutoka ya kwanza kwenda ya pili, miguu haiinuki, na fidla inalia njia nzima. Nampenda mno wakati huo.

"Umeusikia uchafu huo?" kipima mapigo anauliza. "Mpigilie misumari."

Ananipa nyundo. Naipokea, kwa sababu hata mazoezini kazi yangu ni kusikia uchafu na kuuondoa. Napiga magoti mbele ya viatu vya baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?"

"Nakusafisha."

Anafikiri kidogo. "Nikitoka hapa nikafika pale bila kupita katikati, nitakuwa wapi?"

"Siku hizi hakuna anayepita katikati, baba."

"Mimi ndiko ninakoishi," anasema bila hasira, kisha ananishikia msumari nisije nikajigonga.

Napigilia. Kiatu kimoja kinabaki kwenye noti ya kwanza, cha pili kwenye noti ya pili. Katikati hakuna mtu.

"Safi," anasema kipima mapigo. Nataka kulia, lakini mkono wake unaendelea kuyumba, na sijui nianze kwenye pigo lipi.

Nimeamka kumekucha. Kabla ya kunawa uso nimeiweka santuri kwenye gramafoni. Mikwaruzo ni ileile, na mwenzake baba aliyepiga selo, ile fidla kubwa, bado anakohoa palepale. Pale baba alipozoea kuteleza nimesikia noti mbili, safi, zimeachana.

Mume wangu alikuwa jikoni anachemsha chai. Ameniitia kutoka hukohuko, akidhani ni mimi ninayepiga.

"Leo umepiga vizuri," amesema.